Mtoto Amezaliwa Rajabu: Namna ya Kuchagua Jina la Majira Mjini Goma

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 27 Januari 2025, wapiganaji wa M23 waliingia Goma. Kwa kalenda nyingi za Kiislamu, usiku huohuo ulikuwa wa 27 Rajabu 1446, usiku wa Miraji. Familia ya Kiislamu iliyojaliwa mtoto saa zile, Birere au Majengo, ilikuwa na njia mbili za kumpa jina la wakati wake. Ingeweza kumwita Rajabu au Miraji. Ingeweza pia kufuata desturi nyingine ya zamani katika Kivu na Maniema, ya kumwita mtoto kwa tukio lenyewe, na kama ni msichana akawa Mwavita. Majina yote hayo yanasema kweli kuhusu usiku uleule.

Jina la majira hushika wakati, na wakati una mambo mengi ndani yake. Mzazi ndiye anayeamua mtoto abebe lipi. Kwa familia zinazosubiri mtoto mjini kwetu, mpangilio ninaoupendekeza ni huu: tazama kwanza kalenda, kisha sikukuu, kisha siku ya wiki, kisha mvua. Dhiki ya siku ile iandikwe kwenye daftari la nyumbani, isiingie kwenye cheti cha kuzaliwa. Yafuatayo ni mambo ya kufanya, hatua kwa hatua.

1. Hesabu siku kuanzia magharibi

Saa ya hospitali hugeuza siku usiku wa manane. Siku ya Kiislamu hugeuka jua likichwa. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa mbili usiku ameshaingia Ijumaa. Jina lake ni Juma, au Mwajuma akiwa wa kike. Aliyezaliwa siku hiyohiyo saa tisa alasiri ndiye Hamisi au Mwanahamisi.

Chukua mfano wa Nyiragongo. Volkano ililipuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, jua likiwa limeshakuchwa. Idi el-Fitri ya mwaka ule ilikuwa Alhamisi, tarehe 13 Mei. Mchana wa Jumamosi ulikuwa wa kumi wa Mfungo Mosi, na usiku lava ilipokuwa ikiteremka, siku ya kumi na moja ilikuwa imeanza. Mtoto aliyezaliwa njiani watu wakikimbilia Sake au Gisenyi ataandikwa komine kuwa ni wa Jumamosi, na bibi yake atamhesabu kuwa ni wa Jumapili. Hakuna aliyekosea. Andikeni tarehe zote mbili, pamoja na saa, ili ubishi usizuke baadaye.

2. Jua mmo katika mwezi gani

Watu wengi Goma wanaitambua Ramadhani, miezi miwili inayoitangulia na mwezi wa Hija, basi. Hesabu ya Waswahili ni rahisi kuishika kwa sababu huanza pale saumu inapokwisha:

- Mfungo Mosi ni Shawali, mwezi wa Idi el-Fitri.
- Mfungo Pili ni Dhulkaada.
- Mfungo Tatu ni Dhulhija, mwezi wa Hija, Arafa na Idi el-Hajj.
- Mfungo Nne ni Muharamu, mwezi wa Ashura.
- Mfungo Tano ni Safari.
- Mfungo Sita ni Rabiulawali, mwezi wa Maulidi.
- Mfungo Saba ni Rabiulakhiri.
- Mfungo Nane na Mfungo Tisa ni Jumada ya kwanza na ya pili.
- Kisha Rajabu, Shabani na Ramadhani, ambayo haihesabiwi kwa namba.

Msitegemee simu peke yake. Programu za simu hupiga hesabu, na msikiti hutangaza mwandamo. Mara nyingine hutofautiana kwa siku moja. Mtoto akizaliwa katikati ya mwezi, tofauti hiyo haina uzito. Akizaliwa siku ya mwisho ya Shabani au siku ya kwanza ya Ramadhani, muulizeni imamu wa msikiti wenu na mfuate siku waliyoifunga jamaa zenu. Mtoto asiitwe Ramadhani siku ambayo mama yake, kama angekuwa na afya, angekuwa anakula mchana.

3. Chagua jina kwa ngazi

Ngazi ya kwanza ni mwezi. Ramadhani, Shabani na Rajabu ni majina yaliyozoeleka kuliko yote, na karibu daima ni ya kiume. Watoto wa miezi ya mfungo hawaitwi kwa namba zake. Huitwa kwa jambo kubwa lililomo ndani yake, na hapo ndipo ngazi ya pili inapoanza.

Ngazi ya pili ni sikukuu na siku tukufu. Aliyezaliwa Idi ni Idi, na wa kike ni Mwanaidi. Mwezi wa Hija hutoa Haji kwa mvulana. Siku ya tisa ya mwezi huo, mahujaji wanaposimama Arafa, hutoa Arafa kwa msichana. Siku ya kumi ya Muharamu hutoa Ashura, pia la kike. Mfungo Sita hutoa Maulidi. Tarehe 27 Rajabu hutoa Miraji. Kwa mzazi wa msichana, ngazi hii ndiyo yenye hazina, kwa kuwa majina ya miezi yenyewe yamewaelekea wavulana.

Ngazi ya tatu ni siku ya wiki: Juma na Hamisi kwa wavulana, Mwajuma na Mwanahamisi kwa wasichana. Ni majina ya heshima na hayachoshi. Udhaifu wake ni kwamba siku hurudi kila wiki, kwa hiyo jina halisemi mwaka wala mwezi. Linafaa kama jina la pili, liambatane na jina lingine lenye wakati mahususi zaidi.

Ngazi ya nne ni mvua na jua. Pwani wana majira yao, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na majina hufuata humo. Huku kwetu, chini ya volkano na kando ya Ziwa Kivu, kiangazi kirefu ni kati ya Juni na Agosti, na kingine kifupi hupita Januari na Februari. Miezi mingine mvua haikawii. Ukitaka jina la mvua la kike litakaloeleweka Goma, Bukavu na Mombasa bila maelezo, chukua Mwamvua. Halikufungi kwenye ratiba ya mvua ya pwani, na linabeba baraka, kwa kuwa mvua kwa mkulima wa Masisi au Rutshuru ni chakula.

Kumbuka pia kwamba mwezi wa Kiislamu na majira ya mvua havifungamani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko ule wa kawaida kwa siku kama kumi na moja, hivyo Ramadhani huzunguka majira yote na kurudi mahali pake baada ya miaka kama 33. Ramadhani ya 1992 ilianza mapema Machi, na ya 2025 pia ilianza mapema Machi. Baba aliyezaliwa Machi katika ile ya kwanza na mtoto aliyezaliwa katika hii ya pili wamezaliwa katika mwezi mmoja kwa kalenda zote mbili. Mzazi mwenye bahati hiyo asiiache ipite bila kuiandika.

4. Dhiki iweke daftarini

Mwavita, Mashaka, Shida, Tabu, Mateso: majina haya yana historia ndefu, na wengi walioyabeba wameishi vizuri na kuheshimiwa. Siwaambii watu wazima wayaonee haya. Ninazungumza na mzazi ambaye bado hajaamua.

Katika mji ambao umepita milipuko ya 2002 na 2021, vita mara kadhaa na kambi za wakimbizi, karibu kila wiki ina tukio la kutisha la kumpa mtoto jina. Tukiyafuata, darasa zima la shule litasomeka kama taarifa ya habari. Isitoshe, jina la tukio humlazimisha mtoto kulieleza kila anapojitambulisha, na katika mji wenye pande zinazopingana, kueleza vita ipi na nani alimfukuza nani kunaweza kumletea matata asiyoyaanzisha.

Dini nayo ina neno. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alibadilisha majina yenye maana mbaya. Mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani mwasi, alimwita Jamila. Babu yake Said bin al-Musayyab aliitwa Hazn, jina lenye maana ya ugumu, naye Mtume akamwambia awe Sahl, yaani wepesi. Babu yule alikataa kuacha jina alilopewa na baba yake, na mjukuu akasimulia baadaye kwamba ugumu ule ulibaki katika ukoo wao. Mashehe wengi hawaoni ubaya wa kumwita mtoto kwa mwezi au siku. Wanachokitazama ni maana iliyo ndani ya jina.

Mkitaka tukio lisisahauliwe, kuna njia ya kati. Majina kama Amani, Bahati, Riziki, Baraka na Shukuru yanatokana na wakati uleule wa shida, ila yanautazama kwa upande wa kutoka. Mtoto aliyezaliwa familia ikiwa ukimbizini anaweza kuitwa Rajabu Amani. Jina la kwanza linashika mwezi, la pili linashika ombi la wazazi, na habari za kambi zinabaki kwa familia kuzisimulia inapotaka.

5. Lisikilize jina kwa sikio la jirani

Goma ni mji wa makabila na dini nyingi, na jina husikika tofauti kwa kila mmoja. Kabla ya kukata shauri, liseme kwa sauti mbele ya watu watatu: jamaa wa Maniema, jirani Mnande, na mtu wa pwani kama mnaye.

Jina la Masika ndilo mfano mzuri kuliko yote. Kwa mtu wa pwani, Masika ni aliyezaliwa wakati wa mvua kubwa. Kwa Mnande wa Butembo au Beni, ni jina la kike linalotolewa kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, na huenda kwa binti wa kwanza. Ukimwita hivyo binti yako wa tatu, utaulizwa mpaka uchoke. Ukimwita hivyo mvulana, utampa kazi ya kujieleza maisha yake yote.

Jumanne nalo lina mtego. Hesabu ya pwani huanzia Jumamosi, kwa hiyo siku ya nne huja mara baada ya Jumatatu. Mitaani kwetu wengi huanza kuhesabu Jumatatu kama siku ya kwanza, na juma hufungwa na siku ya posho na siku ya Mungu. Mtu wa Goma akisikia jina Jumanne anaweza kudhani ni siku ya nne kwa hesabu yake, yaani Alhamisi. Jina lenyewe halina kosa, ila wazazi wawe tayari kulieleza.

Sikuzani pia huchanganywa na majina ya siku. Ni jina la mshangao, la mzazi ambaye hakutegemea kupata mtoto. Halitaji siku yoyote.

Na msidhani jina la mwezi linatangaza dini. Katika Congo majina haya yamekuwa majina ya ukoo kwa vizazi, tangu misafara ya Waswahili ilipofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Waziri wa zamani wa mambo ya nje aliitwa Raymond Ramazani Baya, na mgombea urais wa 2018 ni Emmanuel Ramazani Shadary. Wazazi wanaotaka jina lisomeke kuwa la Kiislamu waziwazi waliunganishe na jina lingine: Abdallah Ramadhani, au Fatuma Mwanaidi.

6. Tumieni vizuri siku saba

Sunna inatoa nafasi. Mtoto huadhiniwa anapozaliwa, na siku ya saba hufanyiwa akika: nywele hunyolewa, wanyama huchinjwa, wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana, na jina hutangazwa. Hakuna dhambi kutoa jina siku ya kwanza, lakini hizi siku saba ndizo za kufanyia kazi yote niliyoitaja.

Siku ya kwanza na ya pili, andikeni saa na tarehe mbili, na muulizeni imamu mwezi. Siku ya tatu hadi ya tano, wazazi wachague majina mawili au matatu na wayapeleke kwa bibi na babu wa pande zote mbili. Hapa patatokea ombi la wajina: babu atataka mtoto arithi jina lake, hata kama babu ni Shabani na mtoto amezaliwa Mfungo Nane. Kubalini kwa furaha, lakini mjue kwamba jina hilo halishiki tena wakati wa mtoto, linashika wakati wa babu. Wekeni jina la majira la mtoto mwenyewe katika nafasi ya pili. Siku ya sita, amueni namna ya kuliandika. Siku ya saba, litangazeni.

Familia isiyo na uwezo wa kuchinja kwa wakati ule isiahirishe jina. Nyama inaweza kungoja, cheti hakingoji.

7. Herufi ziwe zilezile kila mahali

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Karani aliyesoma kwa Kifaransa husikia na kuandika kwa Kifaransa. Ramadhani huwa Ramazani, Juma huwa Djuma, Rajabu huwa Radjabu, Shabani huwa Chabani, Hamisi huwa Amisi. Kila moja ya sura hizi ni sahihi na ina watu wake. Tatizo linaanza mtoto akiwa Rajabu kwenye karatasi ya hospitali, Radjabu kwenye cheti na Rajab kwenye shule ya ng'ambo ya mpaka, Gisenyi. Akifika wakati wa mtihani wa taifa au pasipoti, atakuwa watu watatu.

Andikeni jina kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi na mkipeleke komine, Goma au Karisimbi. Msitegemee kulitamka. Fomu ina nafasi tatu: *nom*, *postnom* na *prénom*. Amueni mapema jina la majira litakaa wapi, na watoto wote wa nyumba moja wafuate mpangilio mmoja.

Kanuni ya Familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa kwa sheria ya 15 Julai 2016, inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto. Zikipita, itahitajika hukumu ya mahakama, na hiyo ina gharama na safari. Sheria hiyohiyo inataka majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa Congo na inakataza yenye kudhalilisha. Jina likishaandikwa, kulibadilisha, au hata kurekebisha herufi zake, kunahitaji idhini ya mahakama na sababu ya haki. Kwa kuwa utawala wa mji umebadilika tangu Januari 2025, ulizeni kwanza ofisi ipi inaandikisha na karatasi yake inakubalika wapi. Wakati huohuo tunzeni karatasi ya hospitali na picha yake kwenye simu ya jamaa aliye nje ya Goma.

8. Msome jina la mzee kinyumenyume

Majina ya majira yana faida ambayo hujulikana siku karatasi zinapopotea, na Goma zimepotea nyingi kwenye lava na kwenye kukimbia. Mzee asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa anaweza kuikaribia kwa jina lake. Tuseme ni Mzee Ramazani na kinachojulikana ni mwaka tu, 1960. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwisho wa Februari na kumalizika mwisho wa Machi. Kama aliitwa kwa mwezi wake, alizaliwa katika wiki hizo nne.

Neno zito hapo ni "kama". Muulizeni kwanza: alirithi jina hilo kwa nani? Kama kulikuwa na babu Ramazani kabla yake, ushahidi umekufa. Kama yeye ndiye wa kwanza ukooni, ushahidi una nguvu, na utapata nguvu zaidi ukiungana na jambo lingine: mavuno, kuhama kwa familia, ndugu aliyemfuata. Afisa wa komine au hakimu hatapokea jina peke yake kama cheti, lakini linawasaidia mashahidi kusema jambo moja badala ya kila mmoja kukisia mwaka wake.

Cha kuandika kabla ya jua kuchwa

Chukueni daftari moja la nyumbani, au ukurasa mtupu ulio mwanzoni mwa kitabu mnachokitunza. Kwa kila mtoto andikeni mistari sita: jina kwa herufi zilezile za kwenye cheti; tarehe ya kawaida na saa; tarehe ya Kiislamu na msikiti uliothibitisha mwezi; mahali alipozaliwa, mtaa na hospitali; jina limetoka wapi, mwezi, sikukuu, mvua au wajina; na mwisho, kwa sentensi moja au mbili, yaliyokuwa yakitokea mjini siku ile. Mstari huo wa sita ndio unaowaruhusu kumwita mtoto Miraji bila kusahau vita. Ukitimia umri wa mtoto kusoma, mwonyesheni, na nakala yake iwekwe kwa shangazi mmoja anayeishi mbali.